Kama Ungalikuwa Wewe: Habari za Utumwa na Namna ya Kuzisoma

Somo la Historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

  Mwalimu wa darasa, tafadhali chukua chaki, uandike ubaoni maneno matatu: MERIKANI, KONGWA, MTORO. Wanafunzi, yaandikeni katika madaftari yenu. Kila neno tutalieleza mahali pake.

Somo letu la leo lahusu utumwa. Lakini hatutataja miaka na majina tu. Tutauliza pia jambo jingine: mtu wa leo akisoma au akisikia habari za watumwa, yampasa azipokee namna gani? Maana wako wanaokasirika, wako wanaoona haya, na wako wanaowalaumu wazee wao wenyewe. Tuanze na kitabu kimoja kilichowafanya watu wengi waseme maneno ya namna hiyo.

Kitabu kilichotoka Marekani

Mwaka wa 1979 katika nchi ya Marekani kilitolewa kitabu cha hadithi, jina lake Kindred, maana yake ni watu wa ukoo mmoja. Aliyekiandika ni mwanamke Mmarekani mweusi, Octavia Butler, aliyezaliwa mwaka wa 1947 katika mji wa Pasadena, jimbo la California, akafa mwaka wa 2006.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanamke mweusi, jina lake Dana, anakaa California katika mwaka wa 1976. Ni mtu huru, amesoma, ameolewa. Siku moja anashikwa na kizunguzungu, na mara anajikuta kando ya mto, mahali asipopajua. Mtoto wa Kizungu anazama majini. Dana anamwokoa. Baadaye anatambua kwamba amerudi nyuma miaka mingi, mwanzoni mwa miaka ya 1800, katika jimbo la Maryland, wakati watu weusi walipokuwa mali ya wenye mashamba. Mtoto yule, Rufus, ni mwana wa bwana mwenye watumwa.

Tena Dana anagundua jambo la kutisha zaidi: Rufus ni babu yake wa kale. Atakapokuwa mtu mzima, atazaa na mwanamke mweusi, na katika uzao huo ndimo atakamotoka Dana. Rufus akifa kabla ya wakati, Dana hatazaliwa. Basi kila Rufus anapopatwa na hatari, Dana anavutwa kwenda kumwokoa, na kila Rufus anavyokua, anazidi kuwa mkatili kama baba yake. Dana anapigwa mijeledi. Anajifunza kunyamaza. Mwisho anarudi kwake akiwa na mkono mmoja tu.

Hadithi hii imebuniwa, kwa maana hakuna mtu awezaye kurudi katika miaka iliyopita. Lakini hali ya watumwa iliyoelezwa humo ni ya kweli. Katika jimbo hilohilo la Maryland alizaliwa Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka wa 1838, na Harriet Tubman, aliyetoroka mwaka wa 1849, kisha akarudi mara kwa mara kwa siri kuwatoa wenzake.

Basi wasomaji husemaje? Wengi huanza kwa hasira. Huuliza: "Kwa nini asimwache mtoto yule azame? Kwa nini watumwa wale walikubali? Ningalikuwa mimi, nisingalivumilia hata siku moja." Lakini msomaji akiendelea, hasira ile yaanza kugeuka. Aona kwamba anayetaka kutoroka anafuatwa na mbwa. Aona mama anayenyamaza kwa kuwa akisema neno, mtoto wake atauzwa mbali. Aona kwamba hata Dana, mtu aliyesoma na kuzaliwa huru, amejifunza utii kwa muda mfupi sana. Ndipo msomaji anajiuliza kwa sauti ya chini: "Je, ningaliweza?"

Octavia Butler alieleza mwenyewe mahali alipolipata wazo lake. Alipokuwa akisoma chuoni alimsikia kijana mweusi akiwalaumu wazee kwa kuwa walinyenyekea mno wakati wa dhuluma. Butler akamkumbuka mama yake. Mama yule alifanya kazi ya utumishi katika nyumba za Wazungu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akasikia maneno ya dharau, akanyamaza, akapokea mshahara, akamlisha mtoto wake. Butler aliona kwamba kijana yule hakujua yaliyomo katika kunyamaza kule. Wazee walivumilia, na kwa sababu walivumilia, watoto wao wakaishi hata wakapata nafasi ya kusema.

Wahenga wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hilo ndilo somo la kitabu kile kwa maneno machache.

Kitambaa kilichovuka bahari

Labda mmoja wenu atasema: "Mwalimu, hayo ni ya Marekani. Yatuhusu nini sisi wa Newala na Masasi?" Tazameni ubaoni neno la kwanza: MERIKANI.

Merikani ni kitambaa cheupe kigumu cha pamba. Kimeitwa hivyo kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts. Mwaka wa 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, Sultani aliyetawala Omani na Unguja, na mwaka wa 1837 balozi mdogo wa Marekani alianza kazi Unguja. Merikebu zao zilileta kitambaa, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi.

Pamba ya kitambaa kile ilitoka wapi? Ilitoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, nayo ilichumwa na watumwa weusi. Ikapelekwa katika viwanda vya kaskazini, ikafumwa, ikatiwa merikebuni, ikafika Unguja. Kutoka Unguja ikafika Kilwa. Kutoka Kilwa ikachukuliwa na misafara mpaka bara, upande wa Ziwa Nyasa. Na huko, pamoja na shanga, baruti na bunduki, ilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu.

Fikirini jambo hili vizuri. Mtu aliyeuzwa huku kwetu aliweza kuuzwa kwa kitambaa cha pamba iliyochumwa na mtumwa wa Marekani. Wale wawili hawakujuana wala hawakusikia lugha moja. Lakini taabu ya mmoja ilinunua taabu ya mwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka wa 1861, vikaendelea mpaka 1865, kitambaa kile kikaadimika Unguja. Utumwa wa Marekani ulikomeshwa kwa sheria mwaka wa 1865. Huku kwetu bado ulikuwa ukiendelea.

Njia ya kwenda Kilwa

Sasa neno la pili: KONGWA. Kongwa ni mti wenye panda. Shingo ya mtu hutiwa katika panda, kisha hufungwa kwa mbele asiweze kujitoa. Wazee walilijua neno hili vizuri, kwa sababu njia za misafara zilipita katika nchi hii, kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani.

Kwa nini watu wengi walitakiwa wakati ule? Sababu kubwa ilikuwa mashamba. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa watu wa Unguja na Pemba walipanda mikarafuu mingi sana, na mashamba yale yalihitaji mikono ya kuchuma na kupalilia. Watumwa wengine walipelekwa Arabuni na nchi za Ghuba, na wengine wakabaki katika mashamba ya pwani. Wanahistoria wanakisia kwamba katika miaka ya 1860 watumwa kati ya 15,000 na 20,000 walifika Unguja kila mwaka, na wengi wao walipitia Kilwa. Hesabu hiyo haina waliokufa njiani.

Habari za waliokufa njiani twazo pia. Katikati ya mwaka wa 1866 David Livingstone alisafiri kutoka Mikindani akifuata upande wa mto Ruvuma. Mwezi wa Juni aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba amekuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, naye amekufa. Watu wa nchi wakamweleza kwamba mwanamke yule hakuweza kwenda sawa na wenzake, na mwenye mali hakutaka apate kuwa mali ya mtu mwingine akipona.

Nani waliofanya biashara hii? Yatupasa kusema kweli yote. Walikuwako Waarabu na Waswahili wa pwani. Walikuwako matajiri wa Kihindi wa Unguja waliokopesha mali ya kufanyia safari. Walikuwako wakubwa na wafanyabiashara wa bara, Waafrika kama sisi, na katika upande wetu wafanyabiashara wa Kiyao walikuwa mashuhuri. Hata hivyo tusiseme kwamba Wayao waliuza na wengine waliuzwa, kama kwamba kabila ni mtu mmoja. Wayao wengi waliuzwa vilevile. Waliuzwa Wamakua, Wamakonde, Wamwera, Wangindo na Wanyasa. Mtu wa kabila lolote aliyekosa ndugu wenye nguvu karibu naye alikuwa hatarini.

Kama ungalikuwa wewe

Haya, sasa tufanye alivyofanya mwandishi yule wa Marekani. Tuseme wewe msikilizaji umeamka asubuhi ukajikuta chini ya uwanda wa Makonde katika mwaka wa 1860 hivi. Una mke au mume, una watoto watatu, na mama yako mzee. Umesikia bunduki upande wa bondeni. Utafanya nini?

Labda utasema: nitapigana. Vema. Lakini una mkuki na upinde, nao wana bunduki na baruti. Ukitaka bunduki, itakupasa kuinunua kwa msafara, na msafara unataka pembe au watu. Kwa njia hiyo wakubwa wengine walioanza kwa kutaka kujilinda waliishia kuwauza wenzao. Jambo hili halifuti kosa lao, lakini laonyesha mtego ulivyotegwa.

Labda utasema: nitajiweka chini ya mkubwa mwenye nguvu anilinde. Watu wengi walifanya hivyo. Lakini anayekulinda leo aweza kukutoa kesho, akidaiwa au njaa ikiingia. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ilikuwa desturi wakati wa njaa kumweka mtoto rehani kwa mtu mwenye chakula, kwa tumaini la kumkomboa baada ya mavuno. Watoto wengine hawakukombolewa. Je, mzazi yule alikuwa mwovu? Mbele yake palikuwa na njia mbili tu: mtoto afe mikononi mwake, au aishi mikononi mwa mwingine.

Labda utasema: nitakimbilia juu. Naam, wengi walikimbilia juu. Ninyi wa Makote na Newala mwaujua uwanda huu. Huko juu hapakuwa na mto wala chemchemi, na msitu wake ulikuwa mnene, wenye miiba, hata mgeni asiweze kupenya bila kujua vijia vyake. Vijiji vilifichwa ndani ya kichaka. Ulinzi ule ulikuwa na gharama yake, na gharama yenyewe ilikuwa maji. Akina mama waliteremka mtelemko mkali mpaka bondeni, wakapanda na mitungi kichwani. Na bondeni ndiko mtekaji alikoweza kungoja.

Hadithi ya kale ya Wamakonde, iliyoandikwa na mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule aliyefika Newala mwaka wa 1906, yasimulia jinsi watu wa kwanza walivyowapoteza watoto wao walipokaa karibu na maji, na mtoto aliyezaliwa juu ndiye aliyeishi; hivyo wakausiwa wakae mahali pa juu. Sababu inayotajwa katika hadithi ni maradhi na mauti. Lakini katika miaka ya misafara ya watumwa usia huohuo uliokoa watu na kongwa. Taabu ya kuteka maji iliendelea vizazi vingi. Kazi kubwa ya kuyapandisha maji uwandani kwa mitambo na mabomba ilifanywa katika miaka ya 1950. Basi mtu akiuliza, "Kwa nini wazee wetu walikaa mahali pasipo na maji?" asicheke. Wazee walipima kiu na kongwa, wakachagua kiu.

Tena kuna neno la tatu ubaoni: MTORO. Mtoro ni mtumwa aliyekimbia. Wale wasemao kwamba watumwa walikubali tu hali yao hawajui habari za watoro. Katika pwani ya Kenya, kwa mfano, palikuwa na kijiji cha watoro kilichoitwa Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama. Watu walitoroka mashambani, wakajenga, wakalima, wakajilinda. Si kila mtu aliweza. Mwenye mtoto mchanga hakuweza kukimbia upesi. Aliyevushwa bahari mpaka Pemba hakuweza kuvuka tena kwa miguu. Lakini waliopata njia, wengi waliifuata.

Waliorudi

Mwaka wa 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Alitia sahihi baada ya Waingereza kumtishia kwamba manowari zao zitakifunga kisiwa. Mahali palipokuwa na soko, Mkunazini, ndipo lilipojengwa kanisa kuu la Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi U.M.C.A.

Lakini swali gumu lilibaki: mtu aliyekombolewa atakwenda wapi? Kijiji chake huenda kilichomwa. Ndugu zake huenda waliuzwa. Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, wanaume na wanawake, wakashuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Walikusudia kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi njema yenye maji chini ya majabali, wakakaa. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Masasi. Kumbukeni basi: miongoni mwa waliouanza mji ule walikuwako watu waliokwisha kuuzwa.

Je, walistarehe? Miaka sita baadaye, mwezi wa Septemba 1882, Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara waliishambulia Masasi. Watu wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Kijiji kilichojengwa ili kuwa makao ya waliokombolewa kiliona tena watu wakifungwa na kuongozwa njiani. Baada ya hayo kazi ya misheni ikahamia kwa muda Newala, kwa mkubwa wa Kiyao aitwaye Matola.

Yuko mtu mmoja ambaye jina lake yafaa mliandike: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akalelewa na misheni, akasoma katika shule ya Kiungani, kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka wa 1886 alipewa ushemasi, akatumwa Chitangali katika upande huu wa Newala, kwa mkubwa wa Kiyao Nakaam. Mwaka wa 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile. Mtoto aliyepelekwa pwani kama mali alirudi bara kama mwalimu, akafundisha kusoma watoto wa nchi ambayo misafara ilikuwa ikipita. Yeye hakuhitaji kitabu cha hadithi kumrudisha katika utumwa. Aliubeba katika kumbukumbu zake, na hata hivyo akarudi.

Wenzake wa Kiungani waliandika. Mwaka wa 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ile, watoto wa makabila mbalimbali, wakieleza walivyotekwa na walivyofika Unguja. Hizi si hadithi za kubuni. Ni maneno ya watoto wenyewe, ingawa yalichaguliwa na kufasiriwa na mwalimu wao.

Kitabu cha Mbotela na wasomaji wake

Katika lugha yetu ya Kiswahili pia kuna kitabu kilichowagawanya wasomaji. Ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka wa 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa ukoo wa waliokombolewa, waliokaa Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na misheni nyingine, C.M.S., mwaka wa 1875. Kitabu chake kilisomwa sana katika shule za Afrika ya Mashariki.

Wasomaji wengi walikishukuru, hasa wale waliotoka katika koo za namna hiyo. Kwa mara ya kwanza waliona taabu za baba zao zimepigwa chapa kwa Kiswahili. Lakini wasomaji wengine, hasa wa pwani, walichukizwa. Walisema kwamba Waarabu wameonyeshwa kuwa waovu na Waingereza kuwa waokozi, na kwamba kitabu kama hicho katika shule za serikali ya kikoloni kiliwafundisha watoto kuwashukuru watawala.

Nani ana haki? Tusikimbilie kuchagua upande. Mbotela aliandika aliyoyapokea kwa wazee wake, na kwa mtu aliyefunguliwa kongwa na baharia wa Kiingereza, baharia yule ni mwokozi kweli. Hapana awezaye kumwondolea shukrani yake. Lakini historia ni pana kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Mkataba wa mwaka wa 1845, uliofanywa na Waingereza hao hao, uliacha watumwa waendelee kupelekwa kutoka bandari moja ya Sultani ya pwani yetu mpaka nyingine, na hali hiyo ilidumu karibu miaka thelathini. Baada ya soko kufungwa, kuwa na watumwa kulibaki halali: Unguja na Pemba mpaka mwaka wa 1897, pwani ya Kenya mpaka 1907, na katika Tanganyika, Wajerumani walipokwisha kuondoka, mpaka sheria ya mwaka wa 1922. Basi uhuru haukuja siku moja wala haukuletwa na mkono mmoja. Mtumwa mwenyewe, aliyetoroka, aliyejinunua, au aliyekataa kazi, alikuwa na sehemu yake.

Kwa hiyo mkisoma habari yoyote ya utumwa, ya kweli au ya kubuni, ulizeni mambo matatu. La kwanza: nani anayesema, naye alisimama wapi? La pili: nani hakupewa nafasi ya kusema? La tatu: mtu huyu anayelaumiwa, njia gani zilikuwa wazi mbele yake siku ile? Bila swali la tatu, msomaji huwahukumu wafu kwa sheria ya siku zake mwenyewe.

Kuelewa na kusamehe ni mambo mawili. Tukisema kwamba mama aliyenyamaza alikuwa na sababu, hatusemi kwamba aliyemfunga alikuwa na haki. Yule aliyekuwa na njia nyingi, mwenye bunduki, mwenye mali, mwenye jahazi, huyo ataulizwa zaidi. Yule aliyekuwa na njia moja au mbili ataulizwa kidogo.

Neno la mwisho ni juu yetu sisi. Katika vijiji vya upande huu wanakaa pamoja vizazi vya waliouzwa, vya waliouza, vya waliojificha uwandani, na vya waliorudi kutoka pwani. Wameoana, wamezikana, wana mashamba ya mikorosho yanayopakana. Mara nyingine watu wakigombana, mmoja humtupia mwenziwe neno "mtumwa", kana kwamba aibu ni ya aliyefungwa. Aibu ni ya kongwa na ya aliyelichonga. Aliyelivaa akaishi hana aibu. Na mjukuu wake akiketi darasani leo akaandika jina lake mwenyewe, amelipa deni kubwa kwa mzee yule.

Basi wazee mlio darasani, kama babu zenu au bibi zenu waliwasimulia habari za siku zile, zisemeni, na vijana waziandike. Daftari lenu laweza kuhifadhi jambo ambalo mgeni hakuliandika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Merikani ni nini? Eleza safari ya pamba kutoka Marekani mpaka bara ya Afrika ya Mashariki.

2. Kwa nini watu walikaa juu ya uwanda wa Makonde ingawa maji yalikuwa mbali?

3. Mji wa misheni wa Masasi ulianzishwa na watu gani, na mwaka gani?

4. Kwa nini wasomaji wa kitabu cha James Mbotela hawakukubaliana?

5. Mtu akisema, "Ningalikuwa mimi nisingalikubali," utamjibu nini?

Swali la tano lisijibiwe upesi. Kila mmoja aseme, na wengine wasikilize. Kwaherini, mpaka somo lijalo.